“Lakini Mimi Hukimbia Tambarare Tu”: Dhana Potofu za Wakimbiaji wa Moshi Chini

Kwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja, mgonjwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu cha mazoezi, ameshika upande wa nje wa goti la kulia, na kabla sijamaliza kumuuliza maumivu yalianza lini amenikata kauli: “Lakini mimi hukimbia tambarare tu, daktari. Milima sipandi kabisa.” Mimi si daktari bali ni mtaalamu wa fiziotherapia, na hilo nimekwisha kuchoka kulisahihisha, lakini hili la tambarare siwezi kulinyamazia.

Wakimbiaji wengi wa Moshi wanaokwepa miinuko ya Kibosho na Mweka hushuka kusini, kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, wakapita Mabogini hadi Chekereni, au huzunguka Msitu wa Hifadhi wa Rau ulioota kwenye ardhi bapa yenye chemchemi. Ni njia nzuri, nami mwenyewe hukimbia huko siku za Jumamosi. Kinachonikera ni imani kwamba mahali pasipo na mlima hapana cha kumuumiza mtu, kiasi kwamba anayeumia hulaumu umri, uzito, viatu, hata ukoo wake, na njia yenyewe haimjii akilini.

Tuanze na hesabu. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua zipatazo 170 kwa dakika, yaani zaidi ya 10,000 kwa saa, nusu yake kwa kila mguu, na kila unapotua mguu hupokea mzigo unaofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Katika njia yenye vilima mzigo huo huhamahama: unapopanda, kigimbi na kano ya kisigino ndivyo vinavyobeba kazi kubwa, na unapoteremka misuli ya mbele ya paja hugeuka kuwa breki. Kwenye tambarare hakuna zamu ya namna hiyo. Tishu zile zile huvutwa kwa pembe ile ile mara 5,000, na kwa kuwa hakuna mlima wa kumlazimisha mtu apunguze mwendo, mkimbiaji huongeza kasi na kilometa ndani ya wiki moja bila hata kujua kwamba ameongeza.

Zaidi ya hayo, tambarare yenyewe haiko sawa. Ardhi inaweza kuwa haina mteremko wa mbele, lakini barabara ina mteremko wa ubavuni, kwa sababu hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Mgonjwa wangu huyu wa nne, mwalimu wa sekondari, nilimwomba avue raba zake, raba nzuri za mtumba kutoka soko la Memorial, nikaziweka mezani visigino vikitazama dirishani. Ya kulia ilikuwa imelika ukingo wa nje hadi sponji nyeupe ikachungulia. Ya kushoto ilikuwa imelika upande wa ndani. Nilipomuuliza hukimbilia upande gani wa barabara ya TPC, ile iendayo kiwanda cha sukari, alijibu kwa fahari kidogo kwamba hukaa kulia, akiyatazama magari yanayokuja, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kama alivyofundishwa.

Alifundishwa vizuri, na penye magari aendelee hivyo hivyo, maana goti linatibika kuliko kugongwa na fuso. Ila matokeo yake ni kwamba kwa kilometa zote 14, kwenda na kurudi, mguu wake wa kulia ndio unaotua upande wa chini na wa kushoto upande wa juu. Mguu wa kulia hulazimika kulalia nje, wa kushoto hulalia ndani, nyonga hupinda kidogo kufuata miguu, na ule ukanda mgumu wa tishu unaoshuka ubavuni mwa paja hadi chini kidogo ya goti huvutwa katika kila hatua. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akisema hakimbii milimani, kumbe mguu wake mmoja uko mlimani kila siku.

Dawa yake haihitaji pesa. Nilimtaka apunguze sehemu ya lami na kuingia mapema kwenye njia za mashambani, kisha, akiwa huko ambako anayekutana naye ni pawatila moja na wanawake wanaokwenda kupalilia, aende na kurudi kwenye mkondo ule ule wa tairi. Njia ya pembeni mwa mfereji karibu kila mara huinamia upande wa majaruba. Ukirudi palepale ulipopita, mguu uliokuwa chini sasa unakuwa juu, na mzigo unagawanyika. Pia ipo nasaha yangu ya siku zote, ambayo wagonjwa wangu wameikariri hadi wananitania nayo: kila baada ya dakika kumi, fupisha hatua na uongeze idadi yake kwa asilimia 5 hadi 10 kwa muda wa dakika mbili, bila kuongeza kasi. Goti hupata nafuu ya kweli, na tishu hupata ile zamu ambayo tambarare imezinyima. Mwalimu alipunguza umbali kwa wiki tatu, akafuata maelekezo, na maumivu yakamwachia. Viatu hakubadilisha.

Ndugu wa dhana hiyo ni ile isemayo kwamba tambarare ni rahisi kwa sababu haina upinzani. Anayesema hivyo hajawahi kutoka Chekereni saa tisa alasiri upepo ukimjia usoni, mpunga ukiwa umevunwa na hakuna hata mgomba wa kumkinga. Eliud Kipchoge alipokimbia kilometa 42.195 kwa saa 1:59:40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, waandaaji walimtafutia barabara bapa iliyonyooka katika bustani ya Prater, na bado wakamwekea wapiga kasi 41 waliopokezana zamu na kujipanga kumzunguka ili wamkinge na upepo. Ingekuwa ubapa wa njia unatosha, hao 41 wangebaki makwao. Kwa hiyo anza safari yako ukiukabili upepo, ungali na nguvu, ili urudi ukiwa nao mgongoni, na usiulinganishe muda wako wa leo na wa jana upepo ulipokuwa umetulia.

Kisha kuna wanaoamini kwamba njia ya udongo ni laini na kwa hiyo inaokoa magoti. Mwili si gari lenye springi zisizobadilika: mguu unapokutana na ardhi laini hujikaza zaidi, na unapokutana na ardhi ngumu hulegea, hivyo kishindo kinachofika mwilini hakitofautiani kama watu wanavyodhani. Faida ya udongo ni nyingine, nayo ni kwamba hauko sawasawa, kwa hiyo hatua hazifanani. Hasara yake nayo hutegemea msimu. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza ncha ya kiatu na kutegua kifundo, na ukilowa hugandamana na soli hadi kila mguu unabeba tope lisilo na faida kwa mtu yeyote isipokuwa mfinyanzi. Baada ya mvua kubwa mimi hukaa kwenye lami, na siombi radhi.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon kwa kukimbia Mabogini peke yake atafika kwenye barabara ya Mweka na kigimbi ambacho hakijawahi kuambiwa habari za kupanda. Angalau siku moja kwa wiki apande. Anayedhani kwamba kwa kuwa Rau hakuna simba basi ni uwanja wa kila mtu, akumbuke kwamba ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwamba kuna utaratibu wa kuingia, na kwamba kukata kona kupitia vichakani ni kukanyaga miche ya msoo, mti ulio nadra sana unaoota katika msitu huo. Mizizi ya mle ndani, kwa bahati nzuri, huwafundisha haraka wanaokimbia huku wakitazama mbega juu.

La mfereji linanikera karibu kama la goti. Kila Jumamosi nawaona vijana wakimaliza mbio, wakivua viatu na kutumbukiza miguu kwenye mfereji wa umwagiliaji ili ipoe, na jibu lao ni moja: maji yanatembea, kwa hiyo ni safi, na isitoshe hawayanywi. Vimelea vya kichocho havisubiri kunywewa. Hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye mifereji ya namna hiyo, hasa kandokando penye majani ambako mkondo umezubaa, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Aliyekwisha kuifanya hiyo desturi aende akapime choo na mkojo. Prazikwanteli ipo na inatibu. Miguu ipoozwe kwa ndoo ya maji ya bomba nyumbani.

Mwisho ni nyoka, maana panya wa mpunga huwavuta. Watu huambiana kwamba vishindo vya mkimbiaji huwafukuza wote. Wengi hukimbia kweli, lakini moma hategemei kukimbia; hutegemea kufanana na majani makavu, hivyo hulala kimya hata mguu ukimfikia. Tazama hatua kumi mbele, acha kukimbia giza likiingia, na ukikuta gogo limelala njiani usiliruke: panda juu yake kwanza, uone kilicho upande wa pili, ndipo ushuke.