Hakuna tiketi ya kukuvusha ukaguzi wa Sainte-Chapelle

Jana tena. Baba mmoja na wanawe watatu wamesimama mbele ya lango la Sainte-Chapelle, kanisa la kale hapa Paris, mkononi tiketi za "bila foleni" walizouziwa na wakala kwa bei karibu maradufu, na bado wako kwenye foleni.

Jamani, foleni ni mbili. Ya kwanza ni ya kukata tiketi. Ya pili ni ya ukaguzi, kwa sababu kanisa hili limo ndani ya uzio wa mahakama, Palais de Justice. Mifuko yote inapita kwenye mashine; kisu, mkasi na chupa ya kioo haviingii. Hiyo ya pili haikwepeki kwa pesa. Tiketi yenye saa maalumu inakuondolea ya kwanza tu, nayo inauzwa kwenye tovuti rasmi kwa bei ya kawaida. Hata mwenye Paris Museum Pass, ile kadi moja ya kuingilia makumbusho mengi, lazima aweke nafasi ya saa.

Tiketi ya pamoja na Conciergerie ichukue kama unataka kuona gereza alimofungwa malkia Marie Antoinette. Kama hutaki, iache.

Pa kuumiza kichwa ni saa. Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alilijenga kanisa hili kuhifadhi Taji la Miiba, linaloaminika kuwa ndilo alilovikwa Yesu, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1248. Taji sasa liko kanisa kuu la Notre-Dame. Kilichobaki hapa ni mwanga. Madirisha 15 ya vioo vya rangi, picha zaidi ya 1,100, na yote yanategemea jua. Zamani nilimwambia kila mgeni aje asubuhi na mapema. Siku hizi nasita: asubuhi watu ni wachache, lakini lile dirisha kubwa la duara, liitwalo la waridi kwa umbo lake la ua, liko magharibi, na huwaka alasiri. Mwenye watoto wadogo bado namshauri asubuhi.

Tiketi ya tamasha la muziki usiku wa Desemba? Muziki utausikia vizuri, ila vioo vitakuwa vyeusi kama ubao wa darasani.

Ukishapanda ile ngazi nyembamba ya mzunguko hadi ghorofa ya juu yenye madirisha hayo, usivae kwanza vipokea sauti vya maelezo. Simama. Kisha geukia dirisha la kwanza kushoto, la kitabu cha Mwanzo, ulisome kutoka chini kwenda juu. Njoo na darubini ndogo: picha za juu kabisa ziko mita kama 15 kutoka macho yako.