Kwanza niambie ilivyozima

Mteja akinipigia simu kutoka porini, "Fundi, pikipiki imegoma," namuuliza kitu kimoja: ilizimaje? Kama ilikata ghafla mithili ya taa, natafuta moto, yaani umeme wa cheche: plagi, kofia yake, waya uliochomoka, au ile swichi nyekundu ya usukani ambayo mtu ameigusa bila kujua. Kama ilianza kukohoa, ikakosa nguvu, ndipo ikafa, basi mafuta hayafiki.

Gereji yangu iko Ng'ambo, hapa Tabora, lakini somo hili nililipata barabarani. Masika yaliyopita nilitoka Urambo kwenda Kaliua na pikipiki ya shemeji. Ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki weee, kimya. Tukapumzika kidogo, ikawaka, tukaenda kilomita chache, ikazima tena. Nilishashika spaana ya plagi (fundi naye ana papara zake) shemeji alipofungua mfuniko wa tenki kutazama mafuta. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu. Kumbe alikuwa ametandika nailoni chini ya mfuniko ili mvua isiingie.

Mfuniko ule una tundu dogo la kupumulia. Petroli ikipungua lazima hewa ichukue nafasi yake, la sivyo tenki linajinyonya na mafuta hayashuki. Ukisimama, hewa hupenya taratibu, pikipiki inawaka, nawe unadhani imepona. Vumbi la kiangazi huziba tundu hilo vilevile.

Mfuniko ukiwa mzima, nenda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ya chupa za kando ya barabara mara nyingine huwa na maji, na maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini. Kwenye kitako cha bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ilegeze, kinga kwa kifuniko cha chupa uone: maji huviringika chini ya petroli kama shanga. Yakiisha, kaza. Usifungue kabureta nzima pale. Jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli, ikidondoka kwenye mchanga wetu huu utaitafuta mpaka giza liingie.

Kupima moto ni rahisi. Chomoa plagi, ivishe kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu ulikoitoa, maana humo hutoka mvuke wa petroli. Piga kiki. Usipoona cheche, weka plagi ya akiba kabla hujalaumu koili inayoipa plagi umeme.

Kebo ya klachi ndiyo inayowasukumisha watu pikipiki bure. Ikikatika, washa ikiwa nyutro, isukume mpaka ishike mwendo, rukia, kanyaga gia ya kwanza. Itashtuka kidogo, vumilia. Gia zinazofuata, punguza mafuta kidogo ndipo ukanyage, na ukitaka kusimama rudisha nyutro mapema. Mimi hupitisha kebo mpya sambamba na ile kuukuu, nikaifunga kwa vipande vya tyubu. Ya zamani ikikata, nahamisha ncha mbili tu.

Cheni nayo, beba kiungo cha akiba. Kile kibanio chake, upande uliofumba uelekee inakokwenda cheni. Wengi hukigeuza, kikachomoka.

Nailoni ya shemeji bado ipo. Siku hizi anafunikia kiti.