Mbona krimu inanichonyota usoni? Maswali na majibu

Umenunua krimu, umepaka, dakika haijaisha uso unawaka moto. Unakimbilia bombani au unavumilia? Haya ni maswali yanayorudi kila mara kuhusu hilo jambo, mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa kifupi maana hayana mambo mengi.

Kinachosababisha kuchonyota ni nini hasa, krimu au ngozi yangu?

Vyote viwili, ila watu hua wanailaumu chupa peke yake wakati nusu ya kesi iko kwenye ngozi yenyewe. Iko hivi, tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama matofali safu kama 15 hadi 20 ivi, na katikati ya hayo matofali kuna mafuta yanayoyashikilia kama saruji: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Huo ukuta wote ni mwembamba kuliko karatasi lakini ndo unaozuia maji ya mwilini yasitoke ovyo na vitu vya nje visiingie ovyo.

Sasa chini tu ya ukuta kuna ncha za mishipa ya fahamu, na kwenye hizo ncha kuna vipokezi. Kimoja kinaitwa TRPV1, ndo hichohicho kinachoshtuka ukijipangusa jicho na mkono uliokata pilipili, kinashtuka pia joto likifika kama digrii 43, na kinashtuka kikikutana na asidi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, akaja kupewa Nobel 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kwaiyo unaposema krimu inakuunguza wakati krimu yenyewe ni ya baridi, hudanganyi, mishipa inapeleka kwenye ubongo habari ileile ambayo ingepeleka ungemwagikiwa maji ya moto.

Si wanasema ikichoma ndo inafanya kazi?

Hapana. Hii kauli imeharibu nyuso nyingi sana.

Chukua dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi. Ilipopimwa, ya asilimia 2.5 ilipunguza chunusi karibu sawa na ya asilimia 10, tofauti ni kwamba ile ya 10 iliunguza na kubabua zaidi, yaani mtu anaongezewa maumivu bila kuongezewa faida. Kuna vitu vinavyochonyota kidogo kwa asili yake, kwa mfano seramu ya vitamini C ile ya asidi askobiki, hua inatengenezwa ikiwa na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) chini ya 3.5 wakati ngozi ya kawaida iko kama 4.5 hadi 5.5, hapo utasikia kitu lazima. Ila unachosikia ni ule ukali wa asidi, sio madoa yanayofutika.

Nitajuaje hii ni kawaida na hii ni shida?

Angalia saa, alafu angalia kinachobaki.

Ikichonyota dakika moja au mbili ikaisha, ngozi ikabaki vilevile, hiyo ni mishipa tu imeshtuka, ukiamua kuendelea nayo sawa, ukiamua kuiacha pia sawa. Ikiendelea kuwaka, ngozi ikakaza, ikakauka, ikaanza kutoka magamba palepale ulipopaka, hapo ngozi imeumizwa, na hii haihitaji uwe na aleji, dawa kali ikikaa vya kutosha inamuumiza yeyote, na ndo inayowapata watu wengi zaidi. Aleji yenyewe ina tabia tofauti, inachelewa, mara nyingi inaanza siku ya pili au ya tatu, inawasha kuliko inavyochoma, inatoa vipele vidogo vyenye maji na inaweza kusambaa hadi pale ambapo hukupaka kabisa. Ndo maana mtu anapaka Jumatatu, anaanza kuwashwa Jumatano, analaumu alichopaka Jumatano.

Na wenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Maelezo mengi kwenye maboksi yanasema acha ukiona wekundu, kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi au ina rangi kama zambarau, ukigusa ni ya moto na inakwaruza. Alafu ikipoa inaacha doa jeusi linalokaa miezi, mtu anadhani ni doa jipya la chunusi, anapaka kitu kikali zaidi kulitoa, mzunguko unaanza upya.

Nimeitumia hii krimu miaka mitatu, mbona leo ndo inanichoma?

Hili ndo swali ninalolipenda. Kuna majibu matatu na inabidi ujiulize lipi ni lako.

La kwanza ni aleji. Aleji ya ngozi huzaliwi nayo, kinga ya mwili inajifunza, unapaka kitu leo na kesho na mwaka kesho, siku moja inakiona ni adui, ikishajifunza hua haisahau, mara nyingi ni maisha yako yote. Kwaiyo "nimeizoea" sio ushahidi. La pili, kiwanda kimebadilisha viungo, chupa ileile rangi ileile ila orodha ya nyuma sio ileile, linganisha na chupa ya zamani kama bado unayo. La tatu na ndo linalotokea sana: krimu haijabadilika, ukuta wako ndo umebomoka. Umeanza retinoli, ile vitamini A ya kupaka, umeongeza na asidi ya kubandua seli, skrabu mara tatu kwa wiki, unanawa uso mara tano kwa siku na sabuni ya kipande ambayo pH yake ni 9 hadi 10, hewa nayo kavu. Matofali yamelegea, saruji imeoshwa, sasa ata losheni isiyo na makosa inapita moja kwa moja hadi kwenye mishipa.

Mimi mwenyewe nilishawahi kupaka asidi ya glaikoliki, moja ya hizo za kubandua seli, pamoja na retinoli usiku mmoja, kwa haraka zangu, nataka uso uwe kioo kufikia mwisho wa wiki. Kesho yake ata maji yalinichonyota. Na hicho ndo kipimo kizuri: kama ata maji na mafuta ya kawaida yanachonyota, acha kutafuta krimu mbaya, tafuta ulichoifanyia ngozi wiki mbili zilizopita.

Viungo gani vya kuangalia kwenye lebo?

Manukato kwanza. Kwenye lebo yanaandikwa neno moja tu, parfum, lakini ndani ya hilo neno kunaweza kuwa na kemikali kibao. Umoja wa Ulaya uliwahi kulazimisha 26 kati yake zitajwe kwa majina, 2023 wakaiongeza orodha ikapita 80. Pili vihifadhi, vile vya kuzuia krimu isiote ukungu, na mwenye sifa mbaya zaidi ni methiliaisothiazolinoni, jina refu balaa, kwenye lebo tafuta neno linaloanza na methyl na kuishia na zolinone. Lilileta aleji nyingi mpaka Ulaya ikalipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, kwenye vya kusuuza likaruhusiwa kwa kiasi kidogo sana.

Retinoli na ndugu zake zinakausha na kubabua hasa wiki za mwanzo, dawa ni kuanza na usiku mmoja au miwili kwa wiki. Spiriti inakausha. Sanskrini, yaani krimu za kukinga jua, nyingine zikishuka na jasho zinachoma macho, hapo jaribu ya zinki.

Alafu "ya asili". Mafuta ya mti wa chai ni ya asili na yanaleta aleji vizuri tu. Limao ni la asili, pH yake kama 2, na juisi yake ikikaa kwenye ngozi ukaenda juani inaweza kukutoa malengelenge na kukuachia doa. Neno asili kwenye boksi ni la kuuzia.

Mbona mwenzangu anapaka hiyohiyo hasikii kitu?

Ngozi hazifanani. Mwaka 1977 watafiti Frosch na Kligman waliwapaka watu asidi laktiki pembeni ya pua, wengine walichonyotwa vibaya, wengine hawakusikia kitu, na dawa ni ileile. Mwenye pumu ya ngozi au rosasia (ugonjwa wa uso kuwa mwekundu na kuwaka mara kwa mara) ukuta wake ni dhaifu tangu mwanzo. Na ata usoni mwako mwenyewe hapafanani, ngozi ya kope ni nyembamba sana, kisichochoma shavu kinaweza kuchoma kope.

Imeshanichoma, nifanyeje?

Suuza na maji ya baridi ya kawaida, mengi, bila kusugua. Ikiingia jichoni suuza kwa dakika 15. Usipake dawa ya meno, usipake limao, usipake barafu moja kwa moja.

Alafu acha kila kitu. Najua inauma kuacha chupa saba ulizozilipia, lakini acha, baki na kisafishio laini kisicho na harufu, losheni ya kawaida isiyo na harufu na mafuta ya mgando, haya ya bei rahisi yanapunguza maji kutoka kwenye ngozi kwa zaidi ya asilimia 98, hakuna krimu ya kifahari inayoyashinda hapo. Mchana jikinge na jua, kofia inatosha kama sanskrini inachoma. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki mbili hadi nne, ikitulia rudisha kitu kimoja, subiri wiki mbili, ndo urudishe kingine. Krimu za steroidi usijiandikie mwenyewe usoni, zinatuliza haraka kweli ila zikizoeleka zinaifanya ngozi iwe nyembamba, na siku ukiacha uso unawaka kuliko mwanzo.

Kujaribu nyuma ya sikio usiku mmoja kunatosha?

Hakutoshi, aleji inachelewa kama nilivyosema. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, palepale, kwa siku 7 au zaidi. Kama ni kitu cha kusuuza basi kisuuze, usikiache kikae. Hospitali wana kipimo chao cha vibandiko mgongoni, vinakaa saa 48, vinasomwa vikitolewa na vinasomwa tena siku mbili tatu baadaye.

Lini niende kwa daktari?

Midomo au macho yakivimba ghafla, kifua kikibana, pumzi ikiwa shida, nenda saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Nenda pia ukiona malengelenge, usaha, jicho linauma, au wiki mbili zimepita hakuna ata dalili ya nafuu. Na kama ulichopaka ni krimu ya kung'arisha ambayo haina orodha ya viungo, nenda ata kama imetulia, nyingine zinakutwa na zebaki, ambayo kwenye vipodozi imekatazwa na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na inadhuru figo, sio ngozi peke yake. Usione aibu kumwambia daktari ulichokuwa unapaka. Chupa usiitupe kwa hasira, nenda nayo na boksi lake, maana jina la krimu halimsaidii daktari kama orodha iliyo nyuma.