Maana ya ruzuku ya kuboresha sura ya maduka katika maeneo ya biashara ya kitamaduni

Ruzuku ya kuboresha sura ya maduka ni fedha ambazo serikali ya mji, serikali ya jimbo au shirika lisilotafuta faida humpa mfanyabiashara au mwenye jengo ili atengeneze sehemu ya duka inayoonekana na mpita njia: bango, madirisha, mlango, rangi ya ukuta, taa za nje, turubai la kivuli na njia ya kuingilia ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Fedha hizo si mkopo, kwa hiyo hazirudishwi maadamu mpokeaji ametimiza masharti aliyoyatia saini. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu umeenea sana, ruzuku hiyo mara nyingi huenda pamoja na nyingine ya kuboresha maeneo ya umma yanayoyazunguka maduka, na katika miji kadhaa zote mbili huelekezwa kwenye mitaa inayotambuliwa kuwa maeneo ya biashara ya kitamaduni.

Eneo la namna hiyo ni mtaa ambao biashara zake nyingi zimeanzishwa na jamii yenye historia, lugha au asili ya pamoja, na ambao watu huuendea kukutana, kuabudu na kupashana habari kama wanavyouendea kununua. Katika mji wa Saint Paul, jimboni Minnesota, Little Mekong imesimama juu ya biashara za watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na Little Africa juu ya biashara za wahamiaji wa Kiafrika. Huko San Francisco, Calle 24 katika mtaa wa Mission ilitambuliwa rasmi mwaka 2014 kuwa eneo la kitamaduni la Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Utambuzi pekee hauleti fedha. Huipa manispaa msingi wa kusema kwamba mtaa fulani una thamani inayozidi kodi unayolipa, na kwamba thamani hiyo inaweza kupotea.

Utaratibu wenyewe ulipata nguvu katika miaka ya 1970, wakati vitovu vya miji mingi ya Marekani vilipokuwa vimepoteza wanunuzi kwa maduka makubwa yaliyojengwa pembezoni, karibu na barabara kuu. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilianzisha ruzuku za jumla za maendeleo ya jamii, ambazo husimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji na kugawiwa miji na majimbo. Mwaka 1977 shirika la kitaifa la uhifadhi wa majengo ya kihistoria lilianza majaribio ya kufufua mitaa mikuu ya biashara katika miji mitatu midogo, yaani Galesburg ya Illinois, Madison ya Indiana na Hot Springs ya South Dakota, na sura ya majengo ikawa mojawapo ya nguzo za kazi hiyo. Boston iliuleta mfano huo ndani ya jiji kubwa, kwanza katika mtaa wa Roslindale mwaka 1985, kisha katika mitaa mingine kadhaa kuanzia mwaka 1995.

Watu wengi huuliza kwa nini fedha hizi hushughulikia nje ya duka, wakati mwenye duka pengine anahitaji zaidi jokofu au bomba jipya la maji. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kanuni za ruzuku hiyo ya mwaka 1974. Zinapotumika kukarabati jengo la kibiashara linalomilikiwa na mtu au kampuni inayotafuta faida, fedha hizo zinaruhusiwa kugusa sehemu ya nje, kuondoa hatari za asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) na za rangi yenye madini ya risasi, na kurekebisha kasoro zinazokiuka kanuni za ujenzi, basi. Hoja iliyo nyuma ya mpaka huo ni kwamba sura ya nje inaonwa na kila anayepita, hivyo manufaa yake yanaweza kuhesabiwa kuwa ya umma, ilhali vifaa vya ndani ni mali ya mtu mmoja. Miji inayotumia fedha zake yenyewe si lazima ifuate mpaka huo, na baadhi huruhusu ukarabati wa ndani.

Katika eneo la kitamaduni, sura ya mtaa ina uzito mkubwa kuliko urembo. Baada ya tetemeko la ardhi na moto wa mwaka 1906 kuiteketeza Chinatown ya San Francisco, baadhi ya viongozi wa mji walitaka Wachina wahamishiwe mbali na katikati ya mji. Wafanyabiashara wa Kichina, Look Tin Eli akiwa mstari wa mbele, waliharakisha kujenga upya mahali palepale, wakiwaajiri wasanifu wa Kimarekani wachore majengo yenye paa za mtindo wa pagoda, yaani minara ya Kiasia yenye paa zilizopandana, kama yale ya Sing Chong na Sing Fat, ili mtaa uvutie wageni na mji uone hasara ya kuufuta. Hapakuwa na ruzuku wakati huo. Lakini walielewa jambo ambalo waandaaji wa ruzuku za leo wanapaswa kulishika kwa makini, kwamba uso wa duka unaweza kuwa kinga ya watu walio ndani yake.

Kinga hiyo hutegemea masharti, na hapa ndipo msomaji wa fomu za maombi anapaswa kutulia. Sharti la kwanza ni namna ya kulipa. Mipango mingi hulipa kwa marejesho: mfanyabiashara humlipa mkandarasi kwanza, huwasilisha risiti na picha, kisha hurudishiwa kiasi kilichoidhinishwa, mara nyingi baada ya yeye mwenyewe kuchangia sehemu ya gharama. Kwa kampuni yenye akiba hilo ni usumbufu mdogo, lakini kwa mama anayeendesha duka la nguo kwa mauzo ya kila siku ni mlango uliofungwa, hata kama jina lake limo katika orodha ya waliokubaliwa. Mipango iliyo makini huweza kumlipa mkandarasi moja kwa moja, kutoa malipo ya awali, au kupunguza mchango wa mwombaji mdogo. Kazi iliyoanzwa kabla ya idhini kwa kawaida hailipwi kabisa, na ruzuku ya biashara kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi. Zaidi ya hayo, kazi ya ujenzi ya zaidi ya dola 2,000 inayogharimiwa na fedha za serikali kuu kwa kawaida hufungwa na sheria ya mishahara ya mwaka 1931, ambayo humtaka mkandarasi awalipe mafundi viwango vilivyowekwa kwa eneo husika, na kwa hiyo makisio ya gharama hupanda.

Sharti la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko kiasi cha fedha, linahusu mwenye jengo. Wafanyabiashara wengi wa maeneo haya ni wapangaji, na hawawezi kubadilisha mlango wala kupaka rangi ukuta bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Akikubali, madirisha mapya yanakuwa mali yake, na mkataba wa pango ukiisha anaweza kupandisha kodi ya pango kwa sababu jengo sasa linapendeza. Hapo fedha za umma zitakuwa zimesaidia kumwondoa mtu yuleyule zilizokusudiwa kumbakiza. Mpango unaojali utamaduni wa mtaa hupaswa kudai mkataba wa pango wa miaka kadhaa, au ahadi ya kutopandisha kodi kwa kipindi fulani, kabla ya hundi kutoka.

Maeneo ya umma, yaani njia za miguu, viwanja vidogo, mabenchi, miti, taa, michoro ya ukutani na malango ya mtaa, huhitaji utaratibu mwingine. Ardhi ni ya manispaa, kwa hiyo mwombaji huwa chama cha wafanyabiashara au shirika la jamii, si duka moja, na hutakiwa kupata kibali cha kutumia njia ya umma pamoja na bima. Faida yake ni kwamba humfikia hata mfanyabiashara ambaye mwenye jengo lake amekataa kutia saini. Ugumu wake huja baadaye, kwa kuwa ruzuku hununua mti lakini ni nadra kumlipa anayeumwagilia, na taa iliyoungua katika mwaka wa tatu haina mfadhili. Kwa sababu hiyo manispaa nyingi hudai makubaliano ya matunzo yanayomtaja atakayefagia, atakayemwagilia na atakayelipa bili ya umeme, na chama kisicho na mapato ya kudumu hufanya vyema kuyajadili makubaliano hayo kabla ya kuchagua rangi ya mabenchi.