Hesabu safi za mradi hazithibitishi kwamba hakuna wizi

Wengi hudhani msaada huchochea ufisadi pale tu fedha ya mfadhili inapoibwa. Sivyo. Mfadhili akilipia dawa ambazo serikali ingenunua yenyewe, kodi iliyotengewa dawa inabaki huru, na hiyo ndiyo huliwa. Mkaguzi wa mradi haigusi, si kazi yake.

Msaada ukiingizwa kwenye bajeti ndiyo kabisa, maana huchanganyika na kodi. Malawi, mwaka 2013, kwenye kashfa ya Cashgate, maofisa waliandikia hundi kampuni ambazo hazikuuza chochote, kisha wakafuta malipo kwenye mfumo wa kompyuta wa hazina. Yaliyochunguzwa, ya kuanzia Aprili hadi Septemba, yalizidi kwacha bilioni 13. Mabunda mengine ya noti yalikutwa kwenye buti za magari.