Stoo imejaa magunia, kwa hiyo lishe imepanda? Hapana jamani

Kila nikikaa na watu wa miradi huku Kasulu na Kibondo, Kigoma, lazima niisikie hii, "mavuno yameongezeka kwa hiyo lishe imeboreka", halafu ripoti imejaa picha za magunia ya mahindi. Jamani hapana! Ingekuwa hivyo Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi, isingeongoza kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, na ndiyo iliyoongoza kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022, Iringa ilivuka asilimia 50 wakati nchi nzima ni 30. Mahindi yanauzwa, hela inaenda kwenye bati na pikipiki, mama yuko shambani kutwa na mtoto kaachiwa uji mweupe.

Pimeni kilicholiwa. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 tunauliza jana tangu ulipoamka mpaka ulipolala umekula nini na nini, kisha tunahesabu makundi ya vyakula, anatakiwa awe amekula angalau 5 kati ya 10. Mama anakwambia ugali wa muhogo, maharage, kisamvu kilichoungwa kwa mawese na dagaa, na mdodosaji anatiki matano fasta. Ni matatu hayo, ugali, maharage na kisamvu! Mawese hayahesabiwi hata yawe mekundu vipi, na dagaa wawili watatu waliotwangwa kunogesha mboga siyo kundi, chini ya gramu 15 ni kiungo tu. Ndo maana mimi nasisitiza mama aulizwe kama dagaa walikuwa mboga yenyewe au wa kunogesha tu.

Kingine, utafiti wa awali wa mradi mnafanya mwezi wa sita watu wametoka kuvuna, wa mwisho Januari ghala tupu, halafu mnasema mradi umefeli. Pimeni msimu uleule, basi.

Eti udumavu ushuke ndani ya mwaka mmoja? Mtoto anaanza kudumaa tangu tumboni, hiyo haigeuki kwa miezi 12. Angalieni mlo wa watoto wa miezi 6 hadi 23, angalau makundi 5 ya vyakula kati ya 8, maziwa ya mama yakiwemo, huo unaweza kusogea mapema.

Na ule utepe wa kupima unene wa mkono unaonesha ukondefu, yaani mtoto kukonda, siyo udumavu. Udumavu unataka ubao wa urefu na umri sahihi, kwa hiyo ombeni kadi ya kliniki, na kama imepotea tumieni kalenda ya matukio ya kijiji, yaani mama akumbuke mtoto alizaliwa karibu na tukio gani, msikisie miezi.