Mboni ya Paka Haikuambii Kitu

"Daktari, macho yake ni ya mviringo, kwa hivyo hana sumu, siyo?"

Mimi si daktari. Nimeshika nyoka hapa Kisumu muda wa kutosha hadi watu wakanipa cheo hicho bure. Swali lenyewe nimelijibu mara nyingi mno, na leo naliandika ili nikiulizwa tena nitume tu huu ukurasa.

Aliyeuliza ni kijana wa Nakuru. Alimnunua nyoka kando ya barabara ya kwenda Kakamega kwa shilingi 1,500, akaambiwa ni chatu mchanga. Amemweka kwenye ndoo ya rangi, kamtilia vitoto vya panya, nyoka hata havitazami. Picha ikaja: kahawia iliyofifia, madoa meusi kama almasi mgongoni, alama ya V kisogoni.

Chatu? Hapana. Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo, na kando ya tundu la kinyesi ana vijikucha viwili, masalia ya miguu. Waliokwenda Wasare, Nyakach, kumtazama Omieri, yule chatu mashuhuri, mwaka 2003 hawahitaji somo hili.

Sasa tuje kwenye macho, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Kanuni inayozunguka kwenye simu za watu ni hii: mboni iliyosimama kama ya paka na kichwa cha pembetatu, ana sumu, mboni ya mviringo na kichwa chembamba, mshike tu. Kanuni hiyo imetoka Marekani, ambako nyoka wengi wa sumu ni vipiri wenye vishimo usoni. Hata huko kuna yule wa pete nyekundu, njano na nyeusi, ndugu wa swila, mwenye mboni ya mviringo kabisa. Sisi tumeiokota kanuni ya wenyewe tukaileta Kenya, penye koboko na swila. Wote wawili wana mboni za mviringo, na kichwa cha koboko ni chembamba kama jeneza. Chatu, ambaye hana hata tone la sumu, ana mboni ya paka. Nyoka wa nyumba, yule mpole anayekulia panya stoo, vilevile.

Tumrudie wa kwenye ndoo. Nilikuwa na wawili wa kuchagua. Wa kwanza ni kipiri wa usiku, Causus rhombeatus. Wa pili ni mla-mayai, Dasypeltis scabra, asiye na sumu na ambaye meno yake ni ya kuhesabu. Mla-mayai amemwiga kipiri: madoa yaleyale, V ileile. Ukimtisha anajikunjakunja, anasugua magamba yake ya ubavuni yaliyo kama msumeno hadi yachachatike, na anatanua taya kichwa kiwe pembetatu. Kipiri mwenyewe, mwenye sumu, ana kichwa kisichochomoza sana shingoni na mabamba makubwa utosini kama nyoka wa kawaida. Na mboni? Ya kipiri ni ya mviringo. Ya mla-mayai ndiyo ya paka. Ukifuata kanuni yako, utamtupa asiye na sumu na kumbusu mwenye sumu. Isitoshe, mboni ya paka hupanuka gizani ikaonekana mviringo, na watu wote, sijui kwa nini, hupiga picha usiku.

Basi tazama nini? Magamba. Ya mla-mayai yana kigongo kikali katikati, unakiona hata kwenye picha mbaya. Ya kipiri ni laini kidogo, kama mahameli. Njia ninayoipenda zaidi ni kungoja ajivue ngozi. Unaihesabu mezani, chai pembeni, hakuna anayeumwa. Hesabu safu za katikati ya mwili, tazama magamba ya chini ya mkia, tafuta kama kuna gamba dogo kati ya lile la pua na yale yanayopakana na jicho. Swila na koboko hawana gamba hilo. (Urefu usiupime kwa ngozi, hunyooka ikamzidi mwenyewe.)

Lakini hata hapo kuna mitego. Wapo nyoka wadogo wala-tandu wasio na gamba hilo, na sumu yao si ya kumtisha mtu. Idadi za safu nazo hupishana. Nyoka wa nyumba mwenyewe, Boaedon, wataalamu bado wanavutana ni spishi ngapi. Mimi huandika jina la jenasi nikafunga daftari.

Na nimewahi kukosea vibaya. Nilitumiwa picha ya mgongo tu, nyoka mweusi mdogo anayeng'aa, nikajibu haraka: nyoka wa nyumba aliyekolea rangi. Picha ya pili ilipofika niliona vijicho kama mbegu za mchicha na mkia mfupi wenye mwiba. Atractaspis, nyoka wa sumu anayeishi chini ya ardhi. Huyo hutoa jino pembeni mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo kumshika nyuma ya kichwa, mnavyofundishwa, ni kumpa kidole. Dawa ya sumu yake haipo. Nilipiga simu mikono ikitetemeka. Bahati nzuri hakuwa amemtoa kwenye debe. Tangu siku ile sijibu kwa picha moja.

Kwa magamba yake, wa Nakuru ni kipiri wa usiku. Akikuuma mkono unavimba na maumivu yatakukesha. Kifo ni nadra, hospitali ni lazima. Panya amesusa kwa sababu yeye ni mlaji wa vyura. Nikamwambia kijana afunge mfuniko, awapigie KWS, shirika la wanyamapori, maana kufuga nyoka bila kibali ni kosa, na asimshike.

Akajibu, "Sawa daktari." Jana usiku akatuma picha nyingine, ya nyoka mwingine. Imepigwa gizani, kupitia ubavu wa ndoo.